Kesi Isiyokuwepo: Pate na Sanaa ya Kushindana kwa Hoja

Mwanafunzi wa sheria wa Nairobi au Dar es Salaam anaposimama mbele ya jopo la mahakama ya mfano, akitetea serikali ya nchi ambayo haimo katika ramani yoyote, huwa amekwisha kuambiwa kwamba mashindano hayo asili yake ni Uingereza na Marekani. Kwa upande wa kanuni za mashindano, ni kweli. Kwa upande wa kazi yenyewe, yaani kuikalia kesi ambayo haikutokea, kuichambua swali kwa swali na kuitetea pande zote mbili mpaka udhaifu wa kila upande uonekane, pwani yetu ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepitia katika kisiwa cha Pate. Vijana wa Siyu, Faza, Kizingitini na Pate mjini wanaoingia vyuo vya sheria wanastahili kuijua. Wanakwenda kujifunza jambo ambalo wazee wao walilifanya kwa karne nyingi kwa lugha nyingine na kwa adabu nyingine.

Pate ya karne ya 17 na ya 18 ilikuwa mji wa biashara na wa vitabu kwa pamoja. Chini ya watawala wake, Wanabahani, majahazi yake yalikwenda Arabuni na Bara Hindi, na masharifu kutoka Hadhramaut, wa ukoo wa Jamalilail na wa Sheikh Abubakar bin Salim, walikuwa wamekwisha kuweka makazi kisiwani tangu karne ya 16. Walikuja na madhehebu ya Shafi na vitabu vyake. Mwaka 1728 Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka katika jumba la mfalme wa Pate. Nyota ya mji wa Pate ilipofifia, Siyu ikashika nafasi yake. Katika karne ya 19 misahafu ilinakiliwa Siyu kwa hati nzuri, vitabu vikajalidiwa kwa ngozi, na wanafunzi wakaketi mbele ya mashehe wao kusoma fikihi. Hapo ndipo Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alipoyapinga majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar, na mkewe, Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, akamwandikia binti yake utendi ambao ungali unasomwa. Mji ulioweza kupigana na Zanzibar na papo hapo ukalea wanakili wa misahafu haukuwa kijiji cha pembezoni.

Fikihi ya Shafi, kama ilivyosomwa na inavyosomwa bado katika darsa za pwani, hupanda ngazi: kitabu kifupi kama Safina, kisha matini ya Abu Shujaa, kisha Fat'hul Muin, na kwa aliyejaaliwa muda na akili, Minhaj ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277. Mlango wa mirathi ndio unaomtoa jasho mwanafunzi, na ndio unaofundishwa kwa kesi za kubuni kuliko mlango mwingine wowote. Mwalimu huua watu kwa maneno: amefariki fulani, ameacha fulani na fulani, gawa. Kesi nyingine ni ngumu au zina historia kubwa hata zikapewa majina, na majina hayo yamesafiri karne kwa karne kutoka Madina hadi Tarim ya Hadhramaut hadi Siyu.

Chukua ile iitwayo Mushtaraka. Mwanamke amefariki. Ameacha mume, mama, ndugu wawili wa kwa mama, na ndugu zake shakiki, wa baba mmoja na mama mmoja. Mume fungu lake nusu. Mama sudusi, yaani moja ya sita. Ndugu wa kwa mama thuluthi. Jumlisha: mali imekwisha. Ndugu shakiki, ambao kwa damu ndio walio karibu zaidi na marehemu kuliko wale wa kwa mama, wanatoka mikono mitupu, kwa kuwa wao huchukua kinachobaki na hakikubaki kitu. Inasimuliwa kwamba shauri la namna hiyo lilifika kwa Khalifa Umar bin Khattab, naye akahukumu hivyo hivyo. Lilipomfikia tena siku nyingine, ndugu shakiki wakaja na hoja: fanya kwamba baba yetu alikuwa punda, je, sisi na hawa hatukuzaliwa na mama mmoja? Umar akawaingiza katika thuluthi pamoja na ndugu zao wa kwa mama. Alipokumbushwa hukumu yake ya mwanzo, alisema kwamba ile ibaki kama ilivyohukumiwa wakati ule, na hii iwe kama ilivyohukumiwa sasa.

Nimeikawilia kesi hii kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mwalimu wa mahakama ya mfano anataka mwanafunzi wake akijue. Mna kanuni iliyo wazi inayozaa matokeo yanayoonekana kuwa na dhuluma. Mna wakili mwerevu anayekubali kupoteza kitu, heshima ya baba yake mwenyewe, ili apate kingine. Mna hoja inayoanza kwa kukadiria jambo ambalo si kweli. Mna hakimu anayebadili rai bila kuivunja hukumu iliyopita. Na mna tofauti ya madhehebu ambayo haijafungwa mpaka leo: Shafi walishika hukumu ya pili, Hanafi wakabaki na ya kwanza. Mwanafunzi wa Siyu aliyesoma Minhaj alilazimika kuieleza rai ya Hanafi kwa haki kabla ya kuijibu. Asiyeweza kuisimamisha hoja ya mpinzani wake hakuhesabiwa kuwa ameufahamu mlango.

Wanavyuoni walikwenda mbali zaidi, wakaufanya ubishani wenyewe kuwa elimu. Mwishoni mwa karne ya 13 Shamsuddin Samarqandi aliandika risala juu ya adabu za munadhara: nani ana wajibu wa kuleta ushahidi, muulizaji anaruhusiwa kupinga nini na kwa njia zipi, na mjadala unamalizika lini. Risala hiyo na sherehe zake zilisomwa katika madrasa za Kiislamu kwa karne kadhaa. Humo mnakatazwa kumkatiza mwenzako, kuhama kutoka hoja moja kwenda nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha, na kutafuta ushindi badala ya haki. Ningeweza kuibandika karatasi hiyo leo kwenye mlango wa ukumbi wowote wa mashindano, na kila jaji wa mfano angeikubali.

Nje ya msikiti, watu wa kawaida walikuwa na uwanja wao. Katika ngoma za gungu za visiwa vya Lamu, mshairi alitoa fumbo na mwenzake akalifumbua papo hapo, hadhira ikiwa ndiyo jopo. Majibizano ya mashairi yalikuwa na masharti makali: jibu lije kwa bahari ile ile, ligonge hoja ile ile, na lisimguse mtu palipotakiwa kuguswa neno lake. Wakati wa mgogoro uliozaa vita vya Shela, yapata mwaka 1813, Pate na Mazrui wa Mombasa wakiwa upande mmoja na Lamu upande wa pili, washairi wa pande hizo walirushiana tungo. Muyaka bin Haji alisema kwa Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi kwa Lamu. Kila mmoja aliusimamisha upande wake kana kwamba kuna hakimu atakayesikiliza, akijua kwamba atakayehukumu ni panga. Na katika fasihi ya kidini upo utendi wa Shufaka, ambamo malaika wawili wanabishana kama huruma ingalipo duniani, kisha wanashuka kwa binadamu kutafuta ushahidi. Watu waliouimba utendi huo walielewa vizuri sana kwamba hoja bila shahidi haitoshi.

Haya yote hayakuwa wazi kwa kila mtu. Elimu ya juu ya visiwa hivi kwa muda mrefu ilishikwa na koo chache za masharifu na waungwana. Mtu mwenye asili ya utumwa, au mgeni asiye na nasaba, alikaa mbali na mduara. Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilail aliyetoka Ngazija, ndiye aliyewafungulia watu wa namna hiyo elimu mjini Lamu mwishoni mwa karne ya 19, na chuo chake cha Riyadha kikawa kituo cha wanafunzi kutoka pwani nzima. Swali la nani anaruhusiwa kusimama na kusema linaifuata historia hii mpaka mwisho wake.

Kisha akaja Mwingereza, na kesi za pwani zikapata hakimu wa pili. Mkataba wa mwaka 1895 uliuweka mwambao wa Sultani wa Zanzibar chini ya utawala wa Uingereza, na amri ya 1897 ikathibitisha mahakama za Waislamu: makadhi, maliwali, na mamudiri chini yao. Juu yao wakawekwa majaji wa Kiingereza. Majaji hao hawakusoma Kiarabu, lakini walitakiwa kuamua kwa mujibu wa Shafi. Walichofanya ni kushika Minhaj ya Nawawi kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo, ya Howard, ilitoka mwaka 1914, nayo haikufanywa kutoka Kiarabu. Ilifanywa kutoka Kifaransa cha van den Berg, Mholanzi aliyekitafsiri kitabu hicho Batavia katika miaka ya 1880 kwa ajili ya mahakama za Waholanzi huko Indonesia. Kadhi wa Lamu aliyekihifadhi kitabu kwa lugha yake alirekebishwa na jaji aliyekisoma kwa mkono wa tatu.

Matokeo yake yalionekana wazi zaidi katika wakfu. Mwislamu wa pwani aliyetaka nyumba au shamba lake libaki kwa kizazi chake, na kizazi kikikatika liende kwa maskini, aliweka wakfu, na vitabu vya Shafi vilimruhusu. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, lilikuwa limeamua, katika kesi kutoka Bengal, kwamba wakfu wa namna hiyo ni batili kwa kuwa sadaka ya maskini iko mbali mno. Mawakili wa Afrika Mashariki walijaribu kuonyesha kwamba hukumu ya Bengal isiifunge pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kesi ya ukoo wa Bakhshuwen kutoka Kenya, Baraza hilo hilo lilikataa. Sheria ya wakfu ya Kenya ya mwaka 1951 ndiyo iliyoziba pengo, kwa kuhalalisha kwa maandishi kile ambacho mashehe walikuwa wakikifundisha muda wote. Kesi ya Bakhshuwen ingestahili kusomwa na kila timu ya mahakama ya mfano Afrika Mashariki. Swali lake lingali hai: hukumu ya mahali pengine, iliyojengwa juu ya kitabu cha mahali pengine, ina nguvu gani juu ya watu ambao hawakuwepo ilipotolewa?

London iliyotoa hukumu hizo ilikuwa na mashindano yake ya zamani. Katika nyumba nne za mawakili, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, wanafunzi wa enzi za kati na za karne ya 16 walikuwa wakitetea kesi za kubuni mbele ya mawakili wakongwe, na bila mazoezi hayo hawakuitwa kwenye uwakili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642 viliyavuruga mafunzo hayo, yakafifia kwa muda mrefu, yakafufuliwa katika karne ya 19. Mwafrika aliyetaka kuwa wakili Kenya kwa kawaida ilimbidi aende huko. Argwings-Kodhek, anayetajwa kuwa wakili Mwafrika wa kwanza wa Kenya, alipata sifa zake huko mwaka 1951. Gharama peke yake iliwafungia mlango watu wa visiwani.

Mambo yaligeuka kwa haraka baada ya hapo. Kamati iliyoongozwa na Jaji Denning wa Uingereza ilipendekeza elimu ya sheria itolewe Afrika yenyewe. Oktoba 1961 Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kitivo chake cha kwanza kikiwa cha sheria, na wanafunzi wake hawakuzidi 15. Kilikuwa chuo cha nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alipata shahada yake hapo mwaka 1971. Yash Ghai, aliyefundisha hapo tangu miaka ya 1960, ndiye aliyeongoza tume ya marekebisho ya katiba ya Kenya miaka 30 baadaye. Nairobi ilianza kitivo chake mwaka 1970, Moi ikafuata Eldoret mwaka 1994, na baada ya hapo vyuo vya sheria vikaongezeka mpaka pwani ikapata nafasi Mombasa kupitia kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Vyuo hivyo vilipojiunga na mashindano ya kimataifa, vilikuta Marekani imekwisha kuweka mfano. Mashindano ya Jessup, yaliyopewa jina la mwanasheria Mmarekani Philip Jessup, yalianza Harvard mwaka 1960 kwa kesi moja iliyohusu mageuzi ya ardhi ya Cuba, na siku hizi hukusanya mamia ya vyuo kutoka nchi zipatazo 100. Afrika ilianza yake mwaka 1992, ya haki za binadamu, yanayoandaliwa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria. Yamehama kutoka mji hadi mji. Dar es Salaam iliyapokea mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2014, na baada ya kifo cha Christof Heyns, mmoja wa waasisi wake, mwaka 2021 yakaitwa kwa jina lake. Kesi huwa ya nchi ya kubuni, mahakama huwa ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao Arusha, na kila timu ya watu wawili huandika hoja za pande zote mbili na kuzitetea zote mbili.

Nyuma ya safari hizo za kimataifa kuna kazi isiyoonekana, na karibu yote hufanywa na wanafunzi. Ndani ya vyuo, kamati ya wanafunzi hutunga kesi, hujibu maswali ya timu kuhusu ukweli wa kesi, hupanga ratiba, huomba mawakili na majaji halisi waje kukaa kwenye jopo, na huficha majina ya timu nyuma ya namba ili jaji asijue anayemhukumu ametoka wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza kwa kushika saa. Anainua kadi ya dakika 5, ya dakika 1, kisha ya kumaliza, na kwa kukaa hapo kimya anajifunza zaidi ya mihadhara mingi: kwamba jaji hukatiza, kwamba jibu la swali linaanza na ndiyo au la, kwamba mtu aliyehifadhi hotuba huanguka kwenye swali la pili. Mahakama ya mfano ya rufaa hubishania sheria peke yake, ukweli wa kesi ukiwa umekubaliwa. Kesi ya kuigiza ina mashahidi, na shahidi mwenye akili anaweza kumwaibisha wakili aliyemuuliza swali moja zaidi ya lililohitajika. Zote mbili zina faida, ila kwa wakili atakayefanya kazi Lamu, ambako kesi nyingi hufia kwenye ushahidi kabla ya kufika kwenye sheria, ningependa hiyo ya pili ipewe nafasi kubwa kuliko inayopewa sasa.

Lugha ndiyo inayonisumbua zaidi. Mashindano ya Afrika yameendeshwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mashindano ya ndani ya vyuo vya Kenya huwa kwa Kiingereza. Sheria ya mwenendo wa jinai ya Kenya inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, ingawa katiba ya mwaka 2010 imevifanya vyote viwili kuwa lugha rasmi za nchi. Tanzania ilibadili sheria yake mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Kwa hiyo milango imefunguka, na sisi wenye lugha tungali tunapiga hodi kwa Kiingereza. Kijana aliyekulia Siyu anaweza kusema, kwa Kiswahili, hoja ya ndugu shakiki kwa namna itakayomfanya mtu acheke na kukubali kwa wakati mmoja. Mpeleke kwenye jopo la Kiingereza na nusu ya nguvu yake inakwenda kwenye kutafuta neno. Wakili aliyezoezwa miaka minne kutetea kwa lugha moja tu atakutana na mteja wa Faza atakayemsimulia shauri lake kwa nyingine, na kitakachopotea katikati ni shauri la mteja.

Kwamba visiwa hivi vina mashauri makubwa ya kushughulikia, hilo limekwisha kuthibitishwa. Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua ujenzi wa bandari ya Lamu katika Ghuba ya Manda, maji ambayo wavuvi wa Pate na wenzao wa Lamu wameyavua tangu kabla ya mtu yeyote kuyaandikia hati. Mwaka huo huo Mohamed Ali Baadi na wenzake walifungua kesi ya kikatiba. Aprili 2018 Mahakama Kuu, ikikaa Malindi, iliamua kwamba serikali ilikiuka haki ya wakazi ya kupata habari, haki yao ya mazingira safi na haki yao ya utamaduni, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Rufaa ikafuata, kisha pande zikarudi mezani kuzungumza juu ya malipo, sehemu kwa fedha na sehemu kwa vyombo na zana za uvuvi. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Katikati ya hayo, Juni 2019, baraza la kitaifa la mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa upande wa bara, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hukumu ya Malindi ina jambo moja ambalo kila mwanafunzi wa sheria analikimbilia: mahakama ilikubali kwamba uvuvi wa asili ni utamaduni unaolindwa na katiba, zaidi ya kuwa njia ya kujipatia riziki. Hiyo ni hoja ambayo mtu aliibeba mpaka mbele ya majaji na ikashika. Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu ya jamaa yake mwaka 2017 kwa Waogiek wa msitu wa Mau. Ukiziweka pamoja, una kesi nzima ya mashindano, na timu za vyuo vyetu zinaweza kuzisoma bila kupanda ndege.

Upande wa kadhi nao haujakauka. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, iliithibitisha mahakama ya kadhi kwa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Miezi michache kabla ya kura ya maoni iliyoipitisha katiba hiyo, mwezi wa Mei, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba mahakama hizo hazikustahili kuwemo katika katiba ya zamani. Na mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kurithi baba yao Mwislamu. Wako watakaoipinga hukumu hiyo kwa Minhaj na watakaoitetea kwa katiba. Anayetaka kuwa wakili wa pwani lazima aweze kufanya yote mawili, kwa adabu ile aliyoiandika Samarqandi.

Nina kesi ninayotaka itungwe na kamati ya wanafunzi, isikilizwe Siyu, kwa Kiswahili, shehe mmoja na wakili mmoja wakiwa kwenye jopo pamoja. Kisiwa kiwe cha kubuni. Bandari imejengwa, mahakama imewapa wavuvi fidia, na serikali imekubali kulipa sehemu kwa fedha na sehemu kwa mashua na mashine. Mvuvi mmoja, jina lake likiwa katika orodha ya mahakama, amefariki baada ya hukumu na kabla ya malipo. Ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi, na kila aliyesoma mirathi ataona mara moja kwamba mafungu yamezidi mali, hesabu inapanda kutoka 24 hadi 27, na thumuni ya mjane inashuka kuwa tusui, moja ya tisa. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mjane anasema fidia haikuwa mali ya marehemu siku aliyokufa, kwa hiyo si mirathi, igawanywe kwa mahitaji ya waliokuwa wakila kwa jasho lake. Baba anasema haki ilithibiti siku ya hukumu. Serikali, ikiwa upande wa tatu, inasema mashua ilikusudiwa kumrudisha mvuvi baharini, maiti havui, na orodha ifungwe. Inaongeza kwamba kadhi hana mamlaka juu ya deni la serikali, kwa kuwa serikali haina dini na haikukubali kwenda mbele yake.

Timu zipewe wiki sita za kuandika. Upande wa mjane utapata huruma ya ukumbi bila kuihangaikia, na upande wa baba utapata vitabu. Upande wa serikali ndio mgumu kuliko yote mbele ya hadhira ya wavuvi, na ndio ambao ningependa kura imwangukie mwanafunzi aliyezaliwa Pate.